Ufunguo wa Tatu wa Nyumba ya Betri

MAELEZO YA SHAHIDI

Kituo: Polisi, Wilaya ya Kilwa
Jina la shahidi: Klementi Erasmo Nnunduma
Umri: Miaka 46
Kabila: Mmakonde
Dini: Mkristo
Kazi: Fundi wa jenereta ya kijiji
Makazi: Kitongoji cha Bandarini, Kisiwa cha Mchangamle
Tarehe: 12/09/2004, kuanzia saa 8:40 mchana
Mwandishi: WP 4128 Koplo Salome

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimeonywa kusema kweli, na nimeelezwa kuwa nikisema uongo naweza kushtakiwa. Sikuitwa, nimekuja mwenyewe. Naomba yaandikwe kama ninavyoyasema, hata yale ya aibu.

Nilizaliwa Mingoyo. Ufundi wa mashine nilijifunza kwenye shamba la mkonge ambako marehemu baba yangu alikuwa mkata mkonge. Shamba lilipofungwa mwaka 1988 nilikaa mwaka mzima bila kazi. Mwaka 1989 ushirika wa wavuvi wa Mchangamle ulinunua jenereta ya dizeli ya silinda mbili, nikachukuliwa kwenda kuiendesha. Ushirika ulikuja kufa, mashine ikabaki mali ya kijiji. Nimeiendesha miaka kumi na tano, kuanzia saa 12 jioni hadi saa 4 usiku. Katika miaka hiyo ilishindwa kuwaka siku tisa tu, na sita kati ya hizo ni kwa sababu dizeli haikufika.

Mke wangu ni Valeria, mwenye umri wa miaka 37, mzaliwa wa Mtanda, Lindi mjini. Tulifunga ndoa mwaka 1990. Watoto wetu wawili wanasoma Lindi na wanakaa kwa dada yake. Valeria ndiye aliyeko mahabusu hapa kituoni tangu jana kwa tuhuma za kuiba betri sita za mradi wa umeme. Nimekuja kueleza kwamba hakuziiba, na ninavyojua kwamba hakuziiba.

Mwezi Agosti mwaka jana mradi ulifika kisiwani kwetu. Walisema dizeli ni gharama na moshi, na kwamba sasa tutatumia umeme mseto: mchana jua lijaze betri, upepo usaidie, na jenereta ndogo mpya ikae kwa akiba tu, kwa siku za mawingu. Waliweka paneli nyuma ya zahanati. Wakajenga nyumba ndogo ya matofali kwa ajili ya betri, karibu na bandari. Mnara wa mashine ya upepo waliusimamisha nyuma ya shule, mwisho mwingine wa kisiwa, mwendo wa robo saa kwa miguu.

Walitaka mtu mmoja wa hapo hapo kisiwani wamfundishe. Tulioomba tulikuwa kumi na mmoja, wanawake wawili. Tulifanyishwa mtihani wa kuandika katika darasa la nne. Mimi ndiye niliyemwambia Valeria naye aende. Nilisema kwa mzaha, ili nisione haya kukaa kwenye dawati peke yangu na umri huu. Matokeo yalipobandikwa mlangoni mwa ofisi ya kijiji, Valeria alikuwa wa kwanza na mimi wa saba. Karatasi ile ilikaa pale mpaka jua likafuta wino. Nilikuwa napita kila siku kuitazama.

Mwezi Januari alikwenda Lindi kwenye mafunzo ya wiki sita. Alirudi amevaa ovaroli, na begi la vifaa begani. Kipimo kimoja kilichokuwemo humo sikuwahi kukishika maishani mwangu. Nilimuuliza kinafanya nini, akanieleza vizuri, pole pole, kama anavyomweleza mtoto. Niliitikia kana kwamba nilikuwa nikijua.

Afande ameniuliza kama hapo ndipo nilipoanza kuwa na chuki. Nimejibu kwamba sikuwa na chuki. Nilikuwa na wivu. Nilimwona anapendeza zaidi ndani ya ovaroli kuliko nguo yoyote niliyowahi kumnunulia.

Umeme mpya uliwashwa tarehe 5 Juni mwaka huu. Hauna sauti. Mashine yangu mtu yeyote kisiwani aliisikia akajua Klementi yuko kazini. Huu wa Valeria unawaka tu. Kabla ya hapo, mtu akiita "Fundi!" njiani, aliniita mimi. Baada ya Juni nikawa nikigeuka nakuta anayeitwa ni yeye. Siku moja tulikuwa tumeongozana kwenda kisimani, mwanamke mmoja akaita, "Fundi, taa ya zahanati inapepesa!" Tuligeuka wote wawili. Yule mama alinitazama akasema, "Samahani, baba, namwita mama." Valeria hakucheka. Afadhali angecheka.

Fundi mkuu wa mradi anaitwa Jerome. Ni kijana wa miaka thelathini hivi kutoka Dar es Salaam. Kila asubuhi alinipa shikamoo nami nikaitikia marahaba. Hakunikosea adabu hata siku moja. Mke wangu alimwita Dada Valeria, na baadaye akawa anamwita Fundi. Walikuwa wakikaa ndani ya nyumba ya betri tangu saa 2 asubuhi mpaka mchana, mlango umeegeshwa kwa sababu ya vumbi. Kutoka kwenye banda la mashine yangu mlango ule unaonekana. Nami sikuwa tena na kazi ya kufanya zaidi ya kupangusa mashine isiyowaka.

Nyumbani nilianza kumuuliza maswali. Leo mmefanya nini? Mbona umechelewa? Mbona unanukia sabuni mchana? Siku za mwanzo alijibu yote. Halafu akawa anajibu nusu. Mwishoni mwa Julai aliniambia, "Klementi, nimechoka. Nikirudi kutoka kazini naanza tena kazi ya kukujibu wewe." Tuliongea Kimakonde, kwa hiyo majirani hawakuelewa, lakini walisikia.

Kufuli la nyumba ya betri lilikuwa na funguo mbili. Mmoja ulikaa ofisi ya kijiji ndani ya bahasha iliyopigwa lakiri. Mwingine alikuwa nao Valeria, ameufunga kwa uzi shingoni, hauvui ila akienda kuoga. Mnamo tarehe 21 Agosti, Jumamosi, majira ya saa 11 jioni, alipokuwa bafuni, nilichukua ufunguo ule nikaukandamiza kwenye kipande cha sabuni ya kufulia, pande zote mbili. Kesho yake nilichonga mfano wake kwa tupa, kutoka kipande cha shaba ya bomba la mafuta. Ilinichukua asubuhi nzima. Ulifungua mara ya kwanza nilipoujaribu. Ndio huu niliomkabidhi afande leo.

Afande ameniuliza nilikusudia nini. Nilitaka kuona wanakaa wapi.

Niliingia mara tatu wakiwa hawapo. Mara ya kwanza nilikuta viti viwili na vikombe viwili. Nilikaa kwenye kiti nilichodhani ni cha mke wangu. Betri zilikuwa ishirini na nne, zimepangwa kwenye mbao, kubwa kama za lori. Sikugusa betri yoyote. Mara ya pili vile viti vilikuwa vimesogezwa karibu zaidi, au niliona hivyo. Sikulala vizuri kwa siku nne.

Mara ya tatu ni Ijumaa, tarehe 10 Septemba. Siku hiyo Jerome alikuwa asafiri kwenda Dar es Salaam kwa likizo ya wiki mbili, kwa boti ya abiria ya saa 9 alasiri. Majira ya saa 6:15 mchana niliwaona yeye na mke wangu wanafunga mlango wa nyumba ya betri na kushika njia ya shule. Jerome alibeba ngazi, Valeria akabeba begi. Wanaume wa kisiwa walikuwa wanaelekea msikitini kwa swala ya Ijumaa, na wanafunzi walikwisha ruhusiwa. Kwa hiyo shuleni hakukuwa na mtu. Hilo nililifikiria mara moja.

Niliingia ndani ya nyumba ya betri saa 6:20. Nilikuwa natafuta barua. Niliona ni siku ya kuagana, lazima kutakuwa na barua. Nilichokikuta ni daftari la Valeria, kurasa arobaini na kitu. Nilisoma moja moja. Kila siku ameandika betri ipi imepimwa na ina kiasi gani, ipi iongezwe maji, ipi ina joto. Ukurasa mmoja ameandika swali: "Kwa nini ya kumi na saba inachoka mapema kuliko wenzake?" na chini yake majibu matatu, mawili ameyakata. Hakukuwa na barua. Badala ya kufurahi nilizidi kuumia, maana nilijua kuwa swali kama hilo angeniuliza mimi zamani.

Nilitoka. Hapa naomba afande aandike vizuri. Nilirudishia kufuli kwenye komeo lakini sikulibana. Nilikuwa na haraka, nisije nikawapoteza. Kufuli lilining'inia wazi. Ilikuwa saa 6:35 kwa saa yangu ya mkononi.

Nilifuata njia ya nyuma, nikajificha nyuma ya tangi la maji la shule, hatua kama kumi na mbili kutoka kwenye mnara. Nilikaa hapo kuanzia saa 6:50 hadi saa 7:20 mchana na muda wote huo nilikuwa nawaona wote wawili. Valeria alipanda ngazi kukaza boliti za kiboksi cha waya, Jerome amemshikia ngazi kwa chini. Aliposhuka, Jerome alimpa mkono kwenye ngazi ya mwisho. Nilihesabu kimoyomoyo mpaka kumi na moja ndipo akauachia. Afande ameniuliza kama nina hakika na hesabu hiyo. Ninayo.

Halafu walikaa kivulini, kwenye msingi wa mnara, kila mmoja upande wake. Nilisikia mazungumzo yao, maana hakukuwa na kelele. Jerome alisema kwamba akirudi kutoka likizo, mradi utaiondoa mashine kuukuu ya kijiji, na lile banda litakuwa stoo.

Valeria akasema, "Msiiondoe."

Jerome akasema, "Lakini, Fundi, jenereta ya akiba tunayo, mpya. Ile ya mzee ya nini tena?"

Valeria akasema, "Basi hiyo mpya mpeni yeye aiangalie. Mwandikeni jina kwenye mradi. Mashine ya dizeli anaijua kukushinda wewe, anaijua kwa sikio. Wewe unaijua kwa kitabu."

Jerome akasema kwamba atajaribu kuwaambia wakubwa.

Valeria akasema, "Usijaribu, waambie. Mkimtoa pale, hatakuwa na kitu cha kutazama duniani zaidi ya mimi. Na mimi nitashindwa. Nitarudi kwetu Mtanda."

Jerome alicheka. Valeria hakucheka. Alifunga begi lake akasema twende tukamalizie waya wa zahanati, usije ukakosa boti.

Niliyasikia hayo nikiwa nimechutama nyuma ya tangi, magoti yamekufa ganzi. Afande ameniuliza nilijisikiaje. Nimemwambia aache nafasi hapo, nikipata neno nitamwambia. Sijalipata.

Niliondoka wa kwanza, kwa haraka, ili wasinikute njiani. Majira ya saa 7:30 nilipita juu ya bandari. Nilimwona Rehani, mwenye boti iliyokuwa ikituletea dizeli kutoka Kilwa Masoko mara mbili kwa wiki na bado huleta kidogo ya akiba, yeye na watu wake watatu. Walikuwa wamebeba pipa la dizeli kwa miti mabegani, watu wanne, wanaliingiza botini. Pipa lingine lilikwisha ingizwa. Yote mawili yalikuwa yamefunikwa kwa magunia na kufungwa kamba.

Rehani alinisalimia, "Vipi, mzee wa mashine?"

Nikamjibu salama. Nikamuuliza mbona leo hajaenda kuswali, maana ni mtu wa safu ya mbele.

Akasema, "Maji yanakupwa, tungechelewa."

Nikamuuliza mbona mapipa wanayabeba.

Akasema, "Yana kutu. Nikiyaviringisha yatapasuka."

Mimi nimepokea na kurudisha mapipa ya dizeli kwa miaka kumi na tano. Pipa linalorudi Masoko ni tupu. Pipa tupu mtu mmoja analiviringisha kwa mguu, na linalia njia nzima. Halihitaji watu wanne, na wale wanne walikuwa wamepinda migongo. Hilo nililiona kwa macho yangu nikalipita. Kichwa changu kilikuwa bado kipo kule shuleni. Siku nyingine yoyote ningelifunua lile gunia mwenyewe. Boti yao iliondoka kama saa 7:40.

Nilikwenda kwenye banda langu, nikakaa. Saa 8 hivi ndipo nilipokumbuka kufuli. Nilikwenda kulibana, nikakuta limekwisha banwa. Nilidhani nililibana mwenyewe nikasahau. Sikufungua kutazama ndani. Nilikuwa sitaki kukiona tena kile chumba.

Jerome aliondoka na boti ya saa 9. Saa 10:05 jioni Valeria alikwenda kupima betri kama kawaida. Nilimsikia akipiga kelele, nikakimbilia pale. Kufuli halikuwa limevunjwa, mlango ni mzima, betri sita hazipo, na waya zake zimefunguliwa kwa spana, hazikukatwa. Afisa mtendaji wa kijiji, Bwana Ismaili, alileta bahasha ya ofisini. Lakiri ilikuwa haijaguswa. Watu wote wakamtazama mke wangu, kisha wakatazama baharini alikokwenda Jerome. Sikumbuki nani alisema kwanza kwamba wamepanga pamoja. Ndani ya muda mfupi kila mtu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nimesimama katikati yao, na ufunguo wa tatu umo mfukoni mwangu.

Jumamosi tarehe 11, asubuhi, Bwana Ismaili alipata habari kwa simu kwamba Jerome amekamatwa stendi ya Nangurukuru. Nilifurahi. Naomba neno hilo liandikwe hivyo hivyo. Majira ya saa 4 asubuhi polisi walifika wakamchukua Valeria. Walimruhusu avue ovaroli na kuvaa gauni. Alipopita mbele yangu alisema, "Betri zilizobaki zimefunguliwa waya, mtu asiziguse mpaka nirudi." Nikamwambia, "Nitakuja kukuona."

Ningeweza kusema palepale. Polisi walikuwa wawili, walisimama umbali wa mkono. Lakini nikisema hakuiba, wataniuliza nimejuaje. Nikisema nilikuwa namwona, wataniuliza nilikuwa wapi. Na Valeria angekuwa amesimama pale anasikiliza. Hata hilo la kumfuata pengine ningelisema. Lakini kuna ufunguo pia, na kuna kufuli. Wale waliokuja na mapipa yao walikwisha jiandaa. Wangekuta kufuli limebanwa, wangelivunja. Na kama lingevunjwa, hakuna mtu ambaye angemgusa mke wangu. Walilikuta wazi kwa sababu yangu, wakalibana walipomaliza ili wizi usijulikane mapema, na kwa kufanya hivyo lawama yote ikabaki kwa mwenye ufunguo. Hesabu hii niliifanya yote Ijumaa ile ile kabla jua halijazama. Nilijua yote nikanyamaza.

Jumamosi jioni kisiwa hakikuwa na umeme, maana jenereta ya akiba ni ya mradi, na walioruhusiwa kuiwasha ni Valeria na Jerome tu. Watu walikuja nyumbani kwangu, kama ishirini. Walisema, "Fundi, washa mashine." Waliniita mimi, na hakuna mwingine aliyegeuka. Nilikwenda, nikajaza dizeli, nikaiwasha kwa mpini mara ya kwanza tu. Sauti yake ilisikika kisiwa kizima, na watu wakapiga makofi. Kwa muda wa kama saa moja nilikuwa mtu mwenye furaha. Nilisimama mlangoni mwa banda nikapokea salamu. Mke wangu alikuwa amelala sakafuni hapa kituoni na mimi nilikuwa napokea salamu. Halafu mama mmoja, Mwahija, mkunga wa zahanati, alipita akasema, "Asante, Fundi. Lakini Valeria angekuwepo tusingekuwa tunapiga kelele hivi, wagonjwa wangu wangelala." Nilizima mashine saa 2, kabla ya muda wake. Niliwaambia dizeli imekwisha. Dizeli ilikuwepo.

Leo Jumapili nilipanda boti ya asubuhi. Nilimletea mke wangu wali na samaki wa kupaka. Saa 7:50 mchana niliruhusiwa kumwona kwa dakika tano, mbele ya askari wa zamu. Alikuwa amekonda uso kwa siku moja.

Nilimuuliza kama wamemhoji. Akasema ndiyo, mara mbili. Akasema, "Waliniuliza na habari zako."

Nikamuuliza waliuliza nini.

Akasema, "Waliuliza, mumeo amepoteza kazi kwa ajili ya umeme huu, je, hawezi kuwa yeye aliyeuharibu? Nikawaambia hapana. Nikawaambia Ijumaa saa sita mchana mume wangu yuko ndani ya banda, anapangusa mashine yake. Hata nyumba ikiungua hatoki pale. Nimewaapia, Klementi. Nimeweka na sahihi."

Nilimuuliza, "Uliniona?"

Akasema, "Nahitaji kukuona? Nakujua."

Kisha akaniuliza kama nimekula. Nikasema nimekula. Dakika zikaisha.

Nilishuka mpaka ufukweni, boti ya kurudi ilikuwa inapakia. Nilisimama na viatu mkononi. Nahodha akaniita mara mbili. Mke wangu ameweka sahihi kwa ajili yangu juu ya jambo asiloliona, tena lisilo kweli, na mimi nililiona la kwake kwa macho yangu mawili nikashindwa kulitamka. Nikavaa viatu nikarudi hapa. Nilimkuta Koplo Salome mezani, nikamwambia nina maelezo.

Kwa hiyo nasema: tarehe 10 Septemba 2004, kuanzia saa 6:50 hadi saa 7:20 mchana, Valeria na Jerome walikuwa shuleni, sikuwaacha kwa macho. Saa 6:35 nilipotoka ndani ya nyumba ya betri, betri zilikuwa ishirini na nne. Mlango niliuacha wazi mimi. Waliobeba mapipa nimewataja. Rehani ana ghala la dizeli huku Masoko, nyuma ya soko la samaki, na mapipa hayo yana namba nyeupe nilizozipaka mwenyewe: 6 na 11.

Kuhusu Jerome, sina la kumsingizia. Nilitamani niwe nalo.

Nimemaliza kusema. Niliyoyasema ndiyo niliyoyaona na kuyatenda, hakuna aliyenielekeza wala niliyemwogopa, isipokuwa mmoja, naye hayumo chumbani humu.

Sahihi ya shahidi: K. E. Nnunduma

UTHIBITISHO WA MWANDISHI

Mimi WP 4128 Koplo Salome nathibitisha kuwa nimeyaandika maelezo haya kama yalivyotolewa, nikamsomea shahidi kwa sauti, naye akasahihisha mahali pamoja: niliandika "mashine chakavu", akataka isomeke "mashine kuukuu". Nimepokea kutoka kwake ufunguo mmoja wa shaba uliochongwa kwa mkono. Maelezo yamemalizika saa 10:25 jioni.

Kabla ya kutia sahihi, shahidi aliomba sehemu inayohusu shuleni na ufunguo isifike kwa mkewe. Nilimweleza kuwa shauri likienda mahakamani atasimama kizimbani na kuyasema yote mbele ya watu, na mkewe akiwemo. Kisha akaomba kalamu.

Saa 11:10 jioni upekuzi ulifanyika kwenye ghala lililotajwa. Yamepatikana mapipa mawili yaliyokatwa vifuniko, namba 6 na 11, na betri sita ndani ya magunia. Rehani amekamatwa pamoja na watu wake wawili, mmoja anatafutwa. Suala la shahidi kuchonga ufunguo nimeliwasilisha kwa mkuu wa kituo kwa uamuzi. Shahidi ameelekezwa asiondoke wilayani bila kutoa taarifa.

Jerome na Valeria wameachiwa saa 12:15 jioni. Jerome alikwenda zake stendi. Valeria alikabidhiwa vitu vyake kaunta, akavihesabu, akavaa uzi wenye ufunguo shingoni. Nilimjulisha kuwa ameondolewa shaka kwa maelezo ya mume wake, aliyekuwa akimsubiri kwenye benchi la nje. Alisimama. Aliuliza swali moja tu: "Yeye alijuaje?"

Nilimwambia atoke akamuulize mwenyewe.

WP 4128 Koplo Salome
12/09/2004